Pikipiki Iliyokwishatumika: Kuinunua, Kuifufua na Kuipamba kwa Mpangilio

Mpunga unapokwisha kuvunwa katika Bonde la Kilombero, fedha huingia mikononi mwa mkulima kwa kipindi kifupi, na katika kaya nyingi chombo cha kwanza kufikiriwa ni pikipiki. Kutoka Mang'ula hadi Mlimba, na ng'ambo ya Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro, Mahenge na Malinyi, pikipiki ndiyo hupeleka gunia mashineni na mgonjwa hospitali. Kwa kuwa mpya ni ghali, wengi hununua iliyokwishatumika kwa nia ya kuifufua wenyewe uani.

Nia hiyo ni njema, na kwa mtu makini huokoa fedha. Hasara hutokea pale kazi inapofanywa kinyumenyume: rangi mpya, kiti kipya na taa za kumeta hutangulia, ilhali breki zimekwisha na umiliki haujulikani ni wa nani. Katika somo hili tunamshauri mlaji afuate mpangilio mmoja: karatasi kwanza, kisha vyuma vinavyobeba uhai wa mtu, kisha injini, na mapambo yawe ya mwisho.

1. Karatasi kabla ya chuma

Usitoe fedha, hata za kishika uchumba, kabla ya kuiona kadi halisi ya usajili. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye fremu, na namba ya injini iliyogongwa kwenye injini, na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Namba iliyosuguliwa, iliyogongwa upya au iliyofunikwa kwa rangi nzito ni sababu tosha ya kuondoka.

Tahadhari kubwa zaidi ni kuhusu pikipiki ya mkataba. Waendesha bodaboda wengi hukabidhiwa pikipiki na mwenye mali, wakamlipa kidogo kidogo, na kadi hubaki kwa mwenye mali hadi malipo yatimie. Mwendeshaji wa namna hiyo anacho chombo, lakini hana umiliki. Hawezi kukuuzia kisicho chake. Akikueleza kwamba kadi "iko kwa bosi" au "italetwa wiki ijayo", mwombe akupeleke kwa huyo mwenye kadi, na makubaliano yote yafanyike mbele yake.

Mkataba wa mauziano uandikwe, utaje namba zote mbili, bei na tarehe, na utiwe saini mbele ya mashahidi. Ulizia pia kama kuna faini za barabarani zilizoandikwa kwa namba ya usajili ya pikipiki hiyo. Baada ya hapo umiliki uhamishwe kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania. Pikipiki iliyobaki katika jina la mtu mwingine huweza kudaiwa na mtu huyo, au na warithi wake, wakati wewe umekwisha kuigharimia.

2. Dalili za chombo kilichozama

Bonde letu ni bonde la mafuriko. Wakati wa masika pikipiki huvushwa katika maji, na nyingine hulala ndani yake. Chombo kilichozama kinaweza kuoshwa kikang'aa, lakini maji huacha alama. Tazama ndani ya kikombe cha taa ya mbele, ndani ya kasha la kichujio cha hewa na chini ya kiti: mstari wa tope kavu hueleza maji yalifika wapi. Tazama viungio vya nyaya za umeme kama vimeota ukoga wa kijani, na spoku kama zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye rimu. Fungua mfuniko wa oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji.

Fika kwa muuzaji injini ikiwa baridi, uiguse kwanza kwa tahadhari. Muuzaji anayeiwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Ikishawaka, tazama moshi. Moshi wa buluu usiokoma huonyesha kwamba injini inaunguza oili, na mara nyingi ringi za pistoni zimechoka au sili za valvu zimeisha. Moshi mweusi huonyesha petroli inayozidi hewa. Mwisho, kagua fremu pale inapokutana na usukani na pale inaposhika keria. Mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya pasipo sababu pana historia ambayo hujaelezwa.

3. Hesabu kabla ya makubaliano

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mngeta anayeuziwa pikipiki kwa shilingi 900,000. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, si bei elekezi. Cheni na sproketi 45,000, matairi mawili na tyubu 130,000, breki za mbele na nyuma 20,000, betri 45,000, kufungua injini na kubadili pistoni na ringi 180,000, uhamisho wa umiliki na bima 80,000. Jumla ya nyongeza ni 500,000, na pikipiki imefikia shilingi 1,400,000. Ikiwa jirani anauza pikipiki nzima, yenye kadi safi, kwa 1,300,000, ile ya bei ya chini ndiyo ghali.

Kwa hiyo andika orodha ya kasoro papo hapo, ulizia bei za vipuri katika maduka mawili au matatu ya mjini Ifakara, ndipo urudi kupatana bei.

4. Kazi zinazoweza kufanyika nyumbani

Chagua mahali pa wazi penye hewa, mbali na jiko, kibatari na watoto. Ondoa waya wa betri kabla ya kugusa umeme. Petroli isioshewe mikono wala isiachwe katika chupa ya kinywaji.

Ikiwa pikipiki iliwahi kuzama, usipige kiki. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni huyagonga na fimbo yake huweza kupinda. Toa plagi kwanza, kisha sukuma kiki taratibu hadi maji yatoke. Mwaga oili yote, safisha kabureta na kichujio cha hewa, tia oili mpya, washa kwa muda mfupi, na uibadilishe tena mara tu ikionekana kuwa na weupe.

Kutu ndani ya tangi huziba kabureta kila mara. Mwaga petroli yote, toa koki, ziba tundu lake, kisha jaza siki na uiache usiku kucha. Asubuhi mwaga, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, suuza tena kwa maji safi, na ukaushe kabisa kabla ya kurudisha petroli.

Cheni na sproketi zibadilishwe pamoja. Sproketi ambayo meno yake yamelala upande mmoja kama ya msumeno huila cheni mpya kwa muda mfupi. Katika pikipiki nyingi ndogo, cheni ikisukumwa katikati yake iweze kucheza kati ya sentimita 2 na 3. Kipimo cha kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Cheni iliyokazwa mno huua beringi, na iliyolegea huweza kuruka na kufunga gurudumu mwendoni.

Unapofungua breki, vumbi lake usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kibichi. Baada ya kufunga breki mpya, jaribu kwa mwendo mdogo, peke yako, bila abiria wala mzigo. Oili iliyotumika ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na ipelekwe gereji inayoipokea. Isimwagwe mtaroni, kwa maana mtaro huishia mtoni, na mto huo ndio wenye samaki tunaowala.

5. Kazi za kumwachia fundi

Kufungua injini, kunyoosha fremu, kuchomelea sehemu inayobeba uzito na kubadili beringi za usukani ni kazi za fundi mwenye vifaa na uzoefu. Patana naye kwa maandishi: kazi gani, vipuri gani, bei gani, siku gani. Mwombe akurudishie vipuri vyote vilivyotolewa, ili uone kwamba vilibadilishwa kweli. Vipuri vinunuliwe dukani kwa risiti. Kipuri kinachojitaja kuwa halisi lakini bei yake ni ndogo kupita kiasi, maandishi yake yamekosewa au boksi lake limefifia, kina dalili za bidhaa bandia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tenga daftari moja kwa ajili ya pikipiki hiyo, na risiti zote zikae ndani yake.

6. Mapambo na mabadiliko

Sasa ndipo rangi ifike. Kadi ya usajili hutaja rangi ya chombo na namba ya injini. Kwa hiyo anayebadili rangi au kufunga injini nyingine apeleke taarifa kwa msajili ili kadi irekebishwe. Vinginevyo pikipiki yake halali itafanana na ya wizi pindi itakaposimamishwa barabarani.

Mabadiliko yanayopendwa sana kwetu ni kurefusha keria ili ibebe magunia. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hupoteza utii, hasa katika tope na kwenye miteremko. Keria isizidi ile iliyokusudiwa na mtengenezaji, na mzigo usipite uzito ulioandikwa katika kitabu chake. Vivyo hivyo, kiti kirefu hakihalalishi kupakia mishikaki: abiria ni mmoja, naye avae kofia ngumu kama dereva.

Kuondoa vioo vya pembeni, kutoboa bomba la moshi ili lingurume na kufunga taa kali zinazompofusha anayekuja ni mabadiliko yanayopunguza usalama na kukuingiza makosani. Yapo mapambo yanayookoa: stika za kuakisi mwanga nyuma na ubavuni, indiketa zinazofanya kazi, na vizuizi vya kulinda miguu. Katika barabara za mashamba ya miwa usiku, stika hizo humwezesha dereva wa lori kukuona kabla hajakufikia.

7. Ukikosewa

Muuzaji aliyekudanganya kuhusu hali ya bidhaa mwendee kwanza, kwa maandishi, ukiambatisha nakala za mkataba na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Ukishuku kwamba pikipiki ni ya wizi, usiirudishe kimyakimya kwa aliyekuuzia. Toa taarifa polisi. Katika hatua zote hizi, karatasi ulizotunza ndizo zitakazosema kwa niaba yako.

Maswali ya kujipima

(a) Je, nimeiona kadi halisi, na namba zote mbili zinalingana?
(b) Je, aliyeniuzia ndiye mwenye jina kwenye kadi, au mwenye jina yupo na ameridhia?
(c) Nikijumlisha bei, matengenezo na uhamisho, je, bado nina sababu ya kununua?
(d) Je, breki, matairi, cheni na taa vimekamilika kabla sijanunua kopo la rangi?
(e) Je, ningempakia mwanangu juu ya pikipiki hii leo?

Jibu la swali la mwisho likiwa ni hapana, kazi haijaisha, hata kama pikipiki inang'aa.