Gari la Ndoto ya Baba, Mgongo wa Mama

Somo la safari hii ni la nyumbani, lakini likiachwa huingia hadi kwenye kikundi, kwa sababu mtu aliyegombana na mwenzake asubuhi hawezi kukaa vizuri kwenye mkutano saa nane. Lisomeni pamoja, akina mama na akina baba. Likisomwa na upande mmoja peke yake litageuka kuwa fimbo ya kumpigia mwingine.

Tuseme hivi. Baba amejinyima miaka. Bonasi ya majani chai ikija anaweka kidogo, zamu yake ya mzunguko wa kikundi ikifika anaweka, ng'ombe wawili wakauzwa. Siku moja analeta nyumbani Subaru Impreza ya buluu, ile yenye turbo, na mlio wake unasikika kabla haijavuka daraja. Watoto wanakimbia barabarani. Jumapili mama anavaa vizuri, anapanda. Wakirudi anashuka ameshika kiuno. Jumapili ya pili anasema, "Baba watoto, nyinyi tangulieni. Mimi nitatembea."

Hapo maneno huanza. Baba anasikia kama ametukanwa mbele ya watoto. Mama anaona kwamba hiyo pesa ingetengeneza paa, na bado mgongo unauma. Kila mmoja anabishana juu ya kitu tofauti, na ugomvi wa namna hiyo haumaliziki.

Kwanza tusiicheke ndoto ya huyu baba. Wengi wetu tunajua ilikotoka. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka katika barabara za kawaida, zile zile tunazopita kwenda sokoni. Mtoto alisimama kando ya barabara ya murram tangu alfajiri, akasikia mlio mbali, halafu gari likapita kama mshale akabaki na vumbi mdomoni na furaha ya mwaka mzima. Miaka ya 1990 Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alikuwa akishindana na Subaru. Colin McRae alishinda Safari na Subaru mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Mashindano yalitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002 yakarudi 2021, huko Naivasha. Kwa hivyo baba akinunua ile gari, ananunua na ile asubuhi ya utotoni. Ukimwambia ni upuzi, umempiga mahali ambapo hukuona.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalitazami. Magari yale ya Safari yaliinuliwa juu. Springi zake na shokamzoba zake zilipewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, ili gurudumu liingie shimoni na litoke bila mwili wa gari kugonga chini. Dereva wa Safari alitaka gari linalomeza mashimo, kwa kuwa barabara ilikuwa ndefu na mbaya. Hili la baba limefanyiwa kinyume. Wenye kupenda mbio za lami hulishusha chini na kulikaza, nalo likifika kwetu linakutana na matuta, makorongo na changarawe. Jina ni moja, gari ni tofauti kabisa.

Sasa tuangalie kwa nini linaumiza, maana tukijua sababu tunaacha kulaumiana.

Gari la mbio hukazwa springi ili lisilale upande likikata kona. Springi iliyokazwa haimezi tuta, inalipeleka moja kwa moja kwenye kiti, na kiti kinalipeleka kwenye uti wa mgongo. Halafu tairi. Tairi za magari haya huwa nyembamba ubavuni, na ule ubavu wenye hewa ndio godoro la kwanza la gari lolote. Kiti chenyewe kina mbavu za kumbana mtu asiteleze kwenye kona. Kwa kijana mwembamba ni sawa, lakini kwa mama mwenye nyonga pana ni kama kukaa ndani ya debe. Na kiko chini sana. Kuingia ni kama kuchuchumaa, kutoka ni kama kujivuta kisimani. Mwenye maumivu ya goti, mwenye mimba, aliyevaa sketi ya kubana, nyanya wa miaka 70, wote hao wanapata taabu hata kabla injini haijawashwa. Ongezeni bomba la moshi lililobadilishwa ili lipige kelele. Saa nzima ya safari hakuna anayeweza kuzungumza na mwenzake, halafu tunashangaa hawaelewani.

Kuna jingine ambalo akina baba wengi hawaliamini hadi lielezwe. Dereva na abiria hawasafiri safari moja, hata kama viti vyao vinafanana. Dereva ameshika usukani, unamsaidia kujizuia. Analiona tuta, mwili wake unajikaza kabla. Anajua atakata kona wakati gani na atafunga breki wakati gani. Abiria hajui lolote kati ya hayo, kila kitu kinamshtukiza. Ndiyo maana dereva ni nadra kutapika garini lakini abiria anatapika, hasa akiwa ameinamia simu au ameketi nyuma. Basi baba akisema, "Mbona mimi siumii?" hasemi uongo. Na mama akisema anaumia, hasemi uongo pia. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Dawa ya hapo ni kubadilishana viti. Mpeni usukani mtu mwingine mwenye leseni anayeaminika, au mama mwenyewe kama anaendesha, na baba akae kiti cha abiria safari nzima ya kawaida: kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi. Siyo dakika tano za lami. Asishike kitu chochote. Kisha akae nyuma pia, huko watoto na nyanya wanakokaa. Akina baba wakishuka hapo huwa wapole.

Baada ya hapo mama naye ana kazi yake. "Hii gari ni mbaya" haimsaidii fundi. Aseme ni wapi panauma, na ni wakati gani. Ni kiuno kwenye matuta? Ni goti wakati wa kushuka? Ni shingo? Ni kichefuchefu kwenye kona? Ni kelele? Ama ni hofu tu ya mwendo, ambayo watu wengi huona haya kuitaja wakasema mgongo? Kila moja ina dawa yake, na nyingine hazina gharama. (Hapa kikundi kisimame kidogo. Kila mwanachama aseme chombo kilichowahi kumuumiza safarini, matatu, lori, baiskeli, mkokoteni, na ni wapi palipouma. Mtaona jinsi ilivyo vigumu kusema hasa.)

Kama ni hofu, dawa ni mguu wa baba. Mwendo upungue, na breki ifungwe mapema kabla ya tuta, kisha iachiliwe gari likianza kulipanda. Ukifunga breki juu ya tuta pua ya gari imeinama, springi za mbele zimeshabanwa, hakuna nafasi iliyobaki ya kumeza kishindo. Wengi hawalijui hili na wameendesha miaka 20.

Kama ni goti, mama asiingize mguu kwanza. Ageuke, akae kitini makalio mbele, halafu azungushe miguu yote miwili pamoja. Kutoka ni vivyo hivyo kinyume. Kama ni kiuno, taulo iliyokunjwa ikiwekwa nyuma ya kiuno inasaidia sana, na mto mgumu kiasi chini ya makalio unamwinua. Usiwe mto mnene wa kumfanya ateleze chini ya mkanda. Mama mjamzito afunge mkanda wa chini uvuke nyonga, chini ya tumbo, kamwe usipite juu ya tumbo, na kiti kirudishwe nyuma. Maumivu yakishuka mguuni au mguu ukifa ganzi, hilo si jambo la mito tena, aende hospitali.

Tukija kwenye gari lenyewe, anzeni na upepo wa tairi. Ndani ya mlango wa dereva huwa kuna karatasi iliyobandikwa inayoonyesha kipimo. Pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Mara nyingi mtakuta tairi imejazwa kupita kiasi, na hapo mgongo unapona bure. Msishuke chini ya kipimo, maana tairi laini mno hupata joto na kupasuka. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya kiwanda ubavuni. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukauka na kuwa mgumu kama ubao.

Halafu alaleni chini muangalie springi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hivyo Subaru ya zamani unayonunua leo imekuwa nchini muda mrefu na imepita mikono mingi. Mmoja katika hao waliotangulia pengine alizikata springi kwa msumeno ili gari lionekane limelala. Springi iliyokatwa ni hatari kwa breki na kona, na ndiyo adui mkubwa wa mgongo. Rudisheni springi za asili. Shokamzoba zilizovuja mafuta zibadilishwe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Bushi zilizoliwa zibadilishwe. Kazi hiyo fundi mzuri wa jua kali anaiweza, lakini mwambieni waziwazi kwamba hamtaki gari la mbio, mnataka gari la kubeba mama.

Tairi nene zaidi ni hatua nyingine, na hapa kuna hesabu ndogo ambayo kila kikundi kinaweza kuifanya. Tairi ikiandikwa 225/45 R17, upana wake ni milimita 225, ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi, na rimu ni inchi 17. Tairi ya 205/55 R16 ina ubavu wa milimita 113 hivi. Kimo cha gurudumu zima kinabaki karibu sawa, milimita 634 kwa 632, kwa hivyo spidomita haidanganyi sana, lakini umepata zaidi ya sentimita moja ya godoro. Kabla ya kununua rimu ndogo hakikisheni zinaingia juu ya breki, maana magari mengine ya mbio yana breki kubwa na rimu ya 16 haipiti.

Yapo yasiyotengenezeka. Gari la milango miwili haliongezwi mlango. Gari la chini halitavuka mto wakati wa masika. Nyanya hatakuwa kijana. Hapo mazungumzo yanakuwa ya matumizi na pesa, na mnapaswa kukaa na kalamu. Safari za wiki ni ngapi, nani anasafiri, anabeba nini? Ikionekana kwamba mara tisa kati ya kumi gari linabeba mama, watoto na gunia, basi limenunuliwa kwa ajili ya ile mara moja. Wengine huliuza wakachukua gari la juu kidogo. Wengine huliacha kwa safari za baba peke yake, na mama anapewa nauli ya matatu bila kunung'unikiwa. Hilo nalo ni patano halali, mradi nauli itolewe kweli.

Kuhusu kuuza au kuweka rehani, kumbukeni Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inayowapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Mali ya ndoa iliyopatikana wakati wa ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kuchukulia kwamba anamshikia na mwenzake, hadi ithibitishwe vingine. Kwa maoni yetu, kamati ya mikopo isitoe mkopo wa gari wala pikipiki bila kumwona mwenzi wa mwombaji akiwa ameketi pale. Sahihi peke yake haitoshi, tunajua sahihi zinavyopatikana.

Tumetaja pikipiki kwa sababu wengi wenu mnasema, "Sisi gari tutatoa wapi?" Basi geuzeni somo lote. Kijana amechukua mkopo wa kikundi akanunua pikipiki ya ndoto yake, na mke wake anakaa nyuma kwenye kiti kigumu, upande upande, mtoto mgongoni, katikati yake na dereva gunia la mahindi. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi inayong'aa. Kukaa upande kunapinda kiuno na kunaondoa usawa wa pikipiki. Suruali au leso chini ya gauni inamwezesha mama kukaa sawasawa, miguu yote kwenye vikanyagio. Shokamzoba za nyuma za pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi kadhaa. Kijana anayebeba mizigo huiweka ngazi ya juu, ya kukaza, akaisahau hapo. Jioni akimbeba mkewe airudishe chini, ni kazi ya dakika mbili kwa spana.

Mkutano ujao mwenye pikipiki aje nayo na spana yake, na mwenye gari asome namba za tairi zake mbele ya kikundi. Mama ndiye atakayekaa kitini wakati pete inazungushwa, na yeye ndiye atakayesema imetosha.