Vipele Vinavyodumu Wakati wa Matibabu ya Saratani

Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayemeza erlotinibu, au wa saratani ya utumbo mpana anayepewa setuksimabu au panitumumabu, huweza kutokwa na vipele usoni, kichwani, kifuani na mgongoni katika wiki mbili za mwanzo. Vipele hivyo hufanana na chunusi, na hapo ndipo kosa huanza. Hununuliwa sabuni kali au dawa ya chunusi, ngozi ikazidi kukauka na kupasuka. Hatimaye mgonjwa huacha dawa ya saratani kimyakimya.

Dawa hizo hukizuia kipokezi kiitwacho EGFR, ambacho huchochea ukuaji wa seli za saratani. Kipokezi hichohicho kimo katika ngozi na vinyweleo, ndiyo maana ngozi nayo huumia. Vipele hivi haviambukizi, wala havitokani na uchafu.

Kungoja vitokee ndipo vitibiwe ni kuchelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa 95 waliotumia panitumumabu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikingwa mapema kwa mafuta ya kulainisha ngozi, mafuta ya kukinga jua, haidrokotisoni ya asilimia 1 na vidonge vya doksisaiklini vya miligramu 100 mara mbili kwa siku. Madhara ya ngozi ya kiwango cha wastani au zaidi yaliwapata asilimia 29 ya kundi hilo, dhidi ya asilimia 62 ya waliotibiwa baada ya kuugua. Doksisaiklini huandikwa na daktari. Haimfai mjamzito, nayo humezwa kwa maji mengi, mgonjwa akiwa wima.

Vitabu vingi hutaja wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, hivyo mhudumu atazame weusi uliozidi au rangi ya zambarau, apapase, aulize juu ya mwasho, maumivu na usingizi. Mabaka meusi huweza kubaki kwa miezi. Krimu za kung'arisha zisitumiwe, kwani baadhi zina zebaki au steroidi kali.

Vipele vikizidi, daktari huweza kusimamisha dawa kwa muda, kisha kuirudisha kwa dozi ndogo. Usaha au magamba ya manjano huashiria maambukizi ya bakteria. Lakini homa, malengelenge, ngozi kubanduka, au vidonda vya mdomoni na machoni ni dharura: mgonjwa asimeze dozi inayofuata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.