Mbegu Haipikwi, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, weka simu pembeni kidogo tuzungumze. Kuna swali mnaniuliza kila mwaka, na kila mwaka mnaliuliza kwa haya. Mlipewa vitunguu vile vidogo vya kienyeji vinavyozaa mafungu chini ya udongo, ambavyo wengine huviita shaloti. Mkapanda, vikakubali, mkavuna beseni zima. Msimu uliofuata mkaenda kwenye kapu kuchukua mbegu, mkakuta maganda matupu. Usione haya, mpenzi. Najua mbegu ilikokwenda: imekwenda kwenye sufuria. Mgeni kaja usiku, dukani kitunguu kimepanda bei, ukachukua viwili. Kesho yake ukachukua vitatu. Bandu bandu huisha gogo, na nyumba nyingi zimepita njia hiyo kabla yako. Nisichotaka ni wewe kuipita tena mwakani.

Kwanza uelewe unashika nini mkononi. Kitunguu maji cha kawaida, kama Red Bombay tuliyoizoea sokoni, huanzia kwenye mbegu ndogo nyeusi. Ukikirudisha kitunguu chenyewe ardhini, mara nyingi kitapandisha bua na kutoa maua. Hiki kidogo kina tabia nyingine. Unafukia kimoja, na baada ya miezi mitatu hivi unafukua fungu la vinne, vitano, hata kumi, vimeshikana kwenye kitako kimoja. Raha yake iko hapo, na mtego wake uko hapo hapo: unachokula na unachopanda ni kitu kilekile. Ukikimaliza chote jikoni, umejifungia mlango kwa mkono wako, kwa sababu pakiti ya mbegu yake si kitu cha kukutana nacho kirahisi kwenye duka la pembejeo.

Sasa tufanye hesabu, usinikimbie. Tuseme kila kitunguu ulichopanda kimekupa vitano. Ukitenga kimoja kati ya vitano, umerudi palepale ulipoanzia, tena kwa sharti kwamba hakuna kitakachooza kapuni. Na vitaoza, mdogo wangu, hata kwa mkulima hodari. Ndiyo maana nakwambia tenga theluthi ya mavuno, angalau kwa misimu miwili ya mwanzo, mpaka shamba lako la nyuma ya nyumba litimie. Najua theluthi inauma ukiwa na watoto wanaosubiri chakula. Lakini maumivu ya kutenga ni ya siku moja, na maumivu ya kwenda kuomba mbegu tena kwa wifi yako unayajua mwenyewe.

Kama bado huna mbegu, waulize wazee wa mtaani na mama wa sokoni anayeuza vitunguu vidogo vilivyoshikana mafungu. Nunua vichache, kata kimoja kwa upande, katikati ya kiuno chake. Kitunguu cha kuzaa mafungu mara nyingi kitakuonyesha macho mawili, matatu au zaidi ndani ya ganda moja, kila jicho na mizunguko yake. Hiyo ni dalili tu, maana hata kitunguu maji huwa na macho mawili wakati mwingine. Jibu kamili utalipata udongoni. Na wewe unayetamani kuletewa shaloti nzuri na ndugu aliyeko Ulaya, tulia. Aina nyingi za kule husubiri siku ndefu za kiangazi chao, zenye mwanga wa saa 14 na zaidi, ndipo zianze kutunga kitunguu. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo zitakupa majani mpaka uchoke. Tena kubeba mimea ya kupanda kwenye begi bila kibali kunaweza kukuletea matata mpakani, na kunaweza kuleta ugonjwa mgeni shambani kwako. Mbegu iliyozoea udongo wa kwenu ndiyo rafiki yako.

Kupanda si kazi kubwa, kazi ni kuchagua wakati. Wengi mnapanda mvua inapoanza kwa sababu kila mtu anapanda, kisha vitunguu vinakomaa kwenye matope na kuoza. Wewe hesabu kinyumenyume: unataka majani yalale jua likiwa linawaka na udongo ukiwa mkavu. Kwa walio pwani na kaskazini, wanaopata masika ya Machi hadi Mei, ukipanda mwisho wa Mei au Juni utavuna Agosti na Septemba bila purukushani. Walio milimani kwenye baridi waongeze wiki kadhaa. Wenye mvua moja kwa mwaka, kama Iringa na Mbeya, wahesabu hivyo hivyo kutoka mwisho wa mvua yao.

Inua tuta ili maji yasituame. Tumia samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali, kwa sababu samadi mbichi huita inzi na uozo. Toboa shimo dogo kwa kidole, weka kitunguu kitako chini, ncha ichungulie usawa wa udongo. Usikikandamize kwa nguvu kwenye udongo mgumu. Mizizi ikianza kusukuma, kitajinyanyua chenyewe na utakikuta kimelala juu. Acha sentimita 15 kati ya kimoja na kingine, na 30 kati ya mstari na mstari. Huna uwanja? Kiroba au ndoo iliyotobolewa chini inatosha kuanzia. Mizizi yake haiendi mbali, kwa hiyo mwagilia kidogo kidogo mara kwa mara, na palilia kwa mkono, maana jembe litakata mafungu.

Hapa katikati ndipo majaribu huanza. Majani yamesimama kijani, umepika maharage, mkono unakwenda wenyewe. Sikukatazi jani moja moja kwa kachumbari. Lakini jua hili: kila jani lililo juu ni tabaka moja la kitunguu kilicho chini. Ukinyoa majani yote, umenyoa kitunguu. Ukitaka majani ya mboga, tenga mstari mmoja wa kuvunwa majani, na huo usiutegemee kwa mbegu. Na wale wenye pupa ya mbolea, nawasihi. Mbolea ya kukuzia ukiiweka mwishoni, vitunguu vikiwa vinajaa, utapata shingo nene zisizokauka na vitunguu visivyodumu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Siku ya kuvuna mimea itakwambia yenyewe. Majani yanaanza kugeuka njano na kuinama shingoni. Yakianza kulala, acha kumwagilia. Subiri wiki moja au mbili, kisha chimbua taratibu asubuhi ya siku kavu, ukiinua fungu zima kwa reki au kijiti. Usiling'oe kwa kuvuta majani, usilipigepige chini kutoa udongo, na tafadhali usilioshe. Kila mchubuko ni mlango wa uozo, na kila tone la maji ni mwaliko. Udongo ukikauka utadondoka wenyewe.

Halafu ukaushe kwa subira. Tandaza mafungu yakiwa na majani yake kwenye kichanja au mkeka, mahali penye kivuli na upepo: barazani, chini ya paa la banda. Jua kali la mchana likipiga kitunguu chenyewe huunguza nyama yake, na hapo palipoungua ndipo panapoanza kuoza. Geuza kila baada ya siku chache. Wiki mbili hadi tatu si nyingi. Kisha pima hivi: shika shingo ya kitunguu kwa kidole gumba na cha shahada, uisugue. Ikiteleza kwa ndani, bado ina maji, rudisha kichanjani. Ikilia kama karatasi, imeiva kwa kuhifadhiwa. Mengi ya machozi mnayoniletea hayatoki kwenye kupanda, yanatoka kwenye siku hizi za kukausha mlizozikata kwa sababu mlihitaji nafasi barazani.

Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini akiba ya vitunguu huoza ukiikosea. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, usiiweke kwenye friji, wala usiitundike juu ya jiko mvuke wa sufuria unapopanda. Tumia kapu la wazi, mfuko wa wavu, au funga majani uning'inize mafungu penye hewa. Mara moja kwa wiki pitisha mkono. Kilicho laini au chenye ukungu kitoe siku hiyo hiyo. Samaki mmoja akioza, mtungo wote umeoza, na vitunguu ni hivyo hivyo.

Na kapu la mbegu liwe lake peke yake. Hapa nitakugombeza kidogo, kwa mapenzi. Kuna tabia ya kula vizuri na kupanda mabaki: vile vilivyosinyaa, vilivyochubuka, vilivyotoka kwenye shina lililodumaa. Ukifanya hivyo misimu mitatu, unaanza kusema mbegu imechoka. Ni wewe umeichosha. Magonjwa ya virusi husafiri ndani ya kitunguu kutoka msimu hadi msimu, wala huwezi kuyaona ukitazama ganda. Kwa hiyo anza kuchagua mapema, vikiwa bado shambani. Mmea wenye michirizi ya njano, majani yaliyojikunja na kudumaa, ng'oa mapema uuondoe shambani. Wenye nguvu ufunge uzi, huo ndio mzazi.

Kuhusu ukubwa, msibishane. Kitunguu kikubwa mara nyingi hugawanyika kikatoa vingi vidogo. Kidogo chenye afya mara nyingi hakigawanyiki sana, bali hunenepa. Changanya vyote viwili, na vile vya wastani viwe vingi. Mradi viwe vigumu, vikavu na vizima.

Usipande siku uliyomaliza kukausha. Kitunguu kilichovunwa karibuni kimelala. Kipe miezi miwili hivi kipumzike, na ukiona kichipukizi cha kijani kinachungulia, ujue kimeamka. Lakini pia usidhani mbegu ya Septemba itakungoja mpaka Juni. Vingi vitachipua au kusinyaa kabla ya hapo. Desemba au Januari panda kituta kidogo cha kulinda mbegu tu, uvune karibu na masika. Kikiwa kidogo, hata mvua ikikukuta utakikaushia barazani. Na usirudi palepale ulipotoa vitunguu, kitunguu maji au saumu. Hamia upande mwingine, pale pa zamani weka maharage au mchicha, na ikiwezekana usirudi kabla ya miaka mitatu, ili magonjwa yaliyobaki udongoni yakose mwenyeji.

Neno langu la mwisho wengi hulisikia vibaya, kwa hiyo nisikilize kwa utulivu. Gawa mbegu. Najua umeitunza kwa jasho. Lakini panya hawabishi hodi, mvua haiombi ruhusa, na siku moja kapu lako litaharibika. Siku hiyo mbegu yako iliyo salama ni ile iliyoko kwa jirani, na jirani uliyempa mwaka jana hatakuangalia kwa jicho la pembeni ukienda kubisha hodi.

Basi ukivuna safari hii, kabla hujawasha jiko, tenga theluthi, ipe kapu lake, mpelekee jirani konzi mbili. Kisha menya vilivyobaki, pika, ule ushibe bila hatia. Vilivyobaki ni vyako, na msimu ujao una mbegu.