Vigawe: Hesabu ya Tembe za Malaria Nyumbani

Mama anatoka zahanati akiwa na mtoto wa kilo 18. Kipimo kimeonyesha malaria, naye amepewa tembe 12 za AL. Maelezo ni haya: tembe mbili papo hapo, mbili baada ya saa nane, kisha mbili asubuhi na mbili jioni kwa siku mbili zinazofuata. Siku ya pili homa inashuka na mtoto anacheza uani. Hapo ndipo dozi nyingi hukatizwa, na tembe zilizobaki zikawekwa kabatini zingoje mgonjwa mwingine. Vimelea vilivyosalia kwenye damu havijaisha, na homa inaweza kurudi.

Hesabu ya kulinda dozi hiyo ni ile ya vigawe, inayofundishwa shule ya msingi na katika madarasa ya gumbaru. Kigawe cha nambari nzima ni jibu linalopatikana nambari hiyo ikizidishwa kwa nambari nzima nyingine. Vigawe vya 2 ni 2, 4, 6, 8, 10, 12 na kuendelea bila mwisho. Vya 4 ni 4, 8, 12, 16, 20, 24. Asiyekumbuka jedwali la kuzidisha aongeze tu nambari ile ile kila hatua.

Dozi ya AL humezwa mara sita, kwa hiyo jumla ya tembe daima ni kigawe cha 6. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza tembe moja kila mara, jumla 6. Wa kilo 15 hadi 24 humeza mbili, jumla 12. Wa kilo 25 hadi 34 humeza tatu, jumla 18. Kuanzia kilo 35 ni nne, jumla 24. Aliyepewa tembe 20 ana haki ya kuuliza kabla ya kuondoka dirishani.

Tembe zinazobaki nazo husema kitu. Kwa mtoto wa kilo 18, pakiti hushuka hivi: 10, 8, 6, 4, 2, kisha sifuri. Zote ni vigawe vya 2. Zikipatikana tembe 5, kuna mahali alipewa moja badala ya mbili, au moja imepotea. Asiongezewe kwa kukisia. Aulizwe mhudumu wa afya.

Saa ndizo huchanganya zaidi, na kosa si la mzazi. "Baada ya saa nane" na "saa nane mchana" hutamkwa karibu sawa. Mtoto aliyeanza dawa saa 2 asubuhi, akipewa tena saa 8 mchana, amesubiri saa sita pekee. Dozi ya pili ni saa 10 jioni. Pengine ndiyo sababu wengi husema "masaa manane", hata kama walimu wa sarufi hawaipendi, angalau inaeleweka.

Ukihesabu tangu tembe za kwanza, dozi huangukia saa ya 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Zote ni vigawe vya 12 isipokuwa ile ya 8, na hata sifuri ni kigawe, kwa kuwa 12 mara 0 ni 0. Dozi ya pili ndiyo pekee isiyofuata mpango wa asubuhi na jioni, na ndiyo rahisi kusahaulika. Dawa imezwe pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta huisaidia kuingia mwilini.

Mazoezi ya kufanya na watoto nyumbani:

1. Andika vigawe vya 3 hadi 18.
2. Mtoto wa kilo 30 amemaliza dozi nne. Tembe ngapi zimebaki?
3. Mtu mzima wa kilo 60 amebakiwa na tembe 10. Je, amemeza sawasawa?
4. Dawa imeanza saa 4 asubuhi. Dozi ya pili ni saa ngapi?

Majibu: (1) 3, 6, 9, 12, 15, 18. (2) Tembe 6. (3) La, 10 si kigawe cha 4. (4) Saa 12 jioni.