Dondoo muhimu: Kuhamishia CD zako kwenye kompyuta

Anza na zile zilizochomwa nyumbani au kibandani, zenye jina lililoandikwa kwa kalamu. Huwahi kuharibika kuliko za kiwandani. Kama ni CD ya MP3 yenye nyimbo mia na ushei, nakili tu mafaili, basi.

CD ya kawaida ihamishe kwa muundo wa FLAC. Ubora wa sauti haupungui, na albamu ya saa moja, ambayo kwenye CD ni takriban MB 600, hushuka hadi nusu au theluthi mbili. MP3 za simu utazitengeneza baadaye kutoka humo. Programu ya Exact Audio Copy ya Windows ni ya bure, na hurudia kusoma palipokwaruzika. Futa CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

Kinachochosha hasa ni majina. Hifadhidata ya mtandaoni ya MusicBrainz inazijua albamu nyingi za Ulaya na Marekani, lakini taarabu na dansi mara nyingi utajaza mwenyewe. Chagua tahajia moja: ukiandika "Bi Kidude" hapa na "Bi. Kidude" pale, maktaba itakuhesabia wasanii wawili. Jina la kikundi liweke kwenye sehemu ya msanii wa albamu, la mwimbaji kwenye wimbo wake. La sivyo albamu moja itatawanyika.

Jalada na kijitabu vipige picha. Mafaili yote yawe na nakala kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae nyumba nyingine.