Matanga Yamekwisha, Huzuni Imebaki



Katika mitaa yetu ya Eastlands tunajua kusimama na mfiwa. Mtu akifariki Donholm, jioni ileile viti huletwa, chai huchemshwa, na wanajumuiya hufika kusali Rozari. Kamati huchaguliwa, mchango hukusanywa, basi hukodishwa la kwenda mazishini mashambani. Siku hizo zote mfiwa haachwi peke yake. Kisha watu hurudi Nairobi, viti hurudishwa kwa mwenyewe, na mlango hufungwa. Ndani wamebaki mume na mke. Mara nyingi hapo ndipo msiba wenyewe huanza, na somo letu la leo linawahusu hao wawili.

NYUMBA MOJA, VILIO VIWILI

Tuchukue mfano. Mume na mke wa Donholm wamempoteza mtoto wao wa pili, mvulana wa miaka 6, aliyeugua nimonia kwa siku chache tu. Baada ya mazishi baba alirudi kazini mara moja. Wiki ya tatu alikusanya sare za shule za mtoto akampa jirani. Mama alipotoka sokoni alikuta msumari mtupu ukutani, pale ilipokuwa sweta ya mtoto. Akasema kwa uchungu, "Baba Maria, wewe hukumpenda mtoto huyu!" Baba hakujibu. Tangu siku hiyo wanazungumza juu ya kodi ya nyumba na karo ya Maria, basi.

Mama hakujua jambo moja. Kila jioni baba hushuka kwenye makutano ya Jogoo Road na Outering, kabla ya kituo chake, akatembea polepole. Huko njiani ndiko anakolia. Akifika mlangoni amekwisha kujipangusa uso. Zile sare alizitoa kwa sababu hakuweza kuziona kila asubuhi. Mama naye alizitaka kwa sababu bado zilikuwa na harufu ya mwanawe. Wote wawili walimpenda. Kila mmoja alilia kwa njia yake, na kila mmoja aliiona njia ya mwenzake kuwa kosa.

Jambo hili si geni. Katika Injili ya Yohane, sura ya 11, Martha na Maria wamefiwa na ndugu yao Lazaro. Martha anatoka kwenda kumlaki Yesu njiani. Maria anabaki ameketi nyumbani. Yesu hamkemei hata mmoja. Anazungumza na yule wa kwanza, na mbele ya machozi ya wa pili analia yeye mwenyewe.

Wataalamu nao wameliona. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kumlilia aliyeondoka, na kujifunza kuishi bila yeye. Zote mbili zinahitajika. Taabu huingia nyumbani mmoja anapobaki upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Wengine wamesikia kwamba huzuni ina hatua 5, wakadhani ni ngazi ya kupanda mpaka juu. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alipoandika juu ya hatua hizo mwaka 1969, alizungumzia hasa wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kwa hiyo usimwulize mwenzako, "Mbona bado unalia?" Leo anaweza kucheka, kesho wimbo mmoja kanisani ukamrudisha kaburini. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

WASIWASI SI UKOSEFU WA IMANI

Pamoja na huzuni huja wasiwasi. Simu ikilia usiku moyo unakwenda mbio. Maria akikohoa mara moja, mama hapati usingizi. Baba akichelewa nusu saa, tayari amekwisha kuzikwa katika mawazo ya mke wake.

Nairobi inaijua hofu hii. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, jirani na stesheni ya reli. Watu 213 walikufa katika jiji letu na maelfu walijeruhiwa. Miongoni mwa walionusurika walikuwamo ambao mwili ulipona, lakini waliendelea kushtushwa na kila kishindo. Hawakuwa watu wa imani haba. Mwili uliokutana na kifo ghafla hukaa macho kama mlinzi wa usiku, ukingoja pigo la pili.

Basi usimwambie mwenzako, "Sali tu, uache woga." Salini pamoja, ndiyo, lakini pia mpunguzie sababu za kuhofu. Ukichelewa, piga simu. Mtoto akiwa na homa, mpelekeni hospitali pamoja. Akiamka usiku, amka naye, mshike mkono mpaka pumzi itulie.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, mtajeni marehemu kwa jina. Nyumba nyingi hulificha jina wakidhani zinamlinda mwenzao. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Ninyi msipomtaja, nani atathubutu? Ndugu zake wadogo nao waelezwe ukweli kwamba amekufa. Mtoto aliyeambiwa "amelala" anaweza kuogopa kulala.

Pili, msitoe wala kugawa vitu vya marehemu kabla ya kukubaliana. Havidai kodi.

Tatu, liepukeni neno "ungeli". "Ungelimpeleka hospitali mapema" ni kisu. Likisemwa, ombeni msamaha kabla ya kulala.

Nne, muwe na subira katika tendo la ndoa. Mmoja hutafuta faraja kwa mwenzake. Mwingine huona ni kumkosea heshima marehemu. Semezaneni, pasiwepo kulazimishana wala kununiana. Na ndugu wakisema, "Pateni mwingine upesi," kumbukeni kwamba mtoto hazaliwi kujaza nafasi ya mwingine.

Tano, baba, usiifiche huzuni yako kwenye pombe. Mke anayekuona ukilia hakudharau. Anajua kwamba hayuko peke yake.

Kwa wanajumuiya, wana CWA na CMA, tuna ombi moja. Msimalize kazi siku ya mazishi. Rudini baada ya mwezi, rudini siku aliyozaliwa marehemu, rudini Novemba tunapowaombea marehemu wote. Wawili wenu mkifika na mkate na majani ya chai, mkakaa bila hotuba, inatosha.

WAKATI WA KUTAFUTA MSAADA

Huzuni si ugonjwa. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni inayomlemea mtu kwa muda mrefu, angalau miezi 6, na kupita kiasi cha desturi za watu wake, hata asiweze kuendesha maisha yake. Huyo anahitaji daktari au mshauri nasaha, pamoja na padri wake. Na yeyote anayesema afadhali afe asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

Zimeni televisheni, watoto wakiisha kulala, mjibizane kwa zamu bila kukatizana.

1. Tangu tulipofiwa, ni wakati gani wa siku unaokuwa mgumu zaidi kwako?
2. Nimefanya nini ukadhani sikumpenda marehemu?
3. Unaogopa nini sasa ambacho hukukiogopa zamani?
4. Tutamkumbuka vipi sisi wawili siku ya ukumbusho wake?

Pengine usiku wa kwanza mtajibu swali moja tu. Si neno. Baba Maria akijibu hilo la kwanza, mke wake atajua kwa nini huchelewa kufika nyumbani, na siku moja atatoka kwenda kumngojea pale barabarani, warudi pamoja.