AJALI NDOGO ZA WATOTO NYUMBANI: LIPI LA KUVUMILIA, LIPI LA KUKIMBIA NALO KITUONI?



Somo letu la leo linahusu mambo ya kila siku katika nyumba yenye watoto. Mtoto amemwaga uji. Amejipaka majivu dakika tano baada ya kuogeshwa. Ametia punje ya haragwe puani. Amekojolea blanketi la pekee. Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaopita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale tunayakuta haya mara nyingi, na tunaona wazazi wakikosea pande mbili: jambo dogo linapigiwa kelele na fimbo, na jambo kubwa linapuuzwa kwa sababu mtoto ameacha kulia.

Jiulizeni kwanza: je, aliyeumia ni mtoto, au ni kitu tu kilichoharibika?

Kama ni kitu, mtoto yuko mzima. Najua si rahisi. Chupa ya mafuta ya kupikia iliyonunuliwa kwa hela ya msaada ikimwagika, ni wiki nyingi za sombe bila mafuta, na kwa familia zilizopunguziwa msaada miaka hii ni pigo la kweli. Siwaambii mcheke. Lakini mtoto wa miaka 2 hajui msaada ni nini wala mwisho wa mwezi ni lini. Aliona chupa inang'aa, akaishika, na mikono yake bado haina nguvu. Fimbo haitamfundisha kushika chupa vizuri. Itamfundisha kujificha kila anapoharibu kitu, na siku atakayokunywa mafuta ya taa atajificha vilevile. Hilo ndilo linalotutisha sisi.

Hasira ikipanda, mlaze mtoto kwenye mkeka mahali salama, toka mlangoni dakika chache, mwite jirani au mama mkwe akushikie. Kuacha mtoto alie kidogo si dhambi. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe, hata na baba aliyechoka usiku. Kichwa chake ni kizito na shingo ni laini, na damu inaweza kuvujia ndani ya ubongo bila jeraha lolote kuonekana nje.

Sasa tuje kwenye haragwe, maana linatusumbua sana, hasa siku za kuchambua maharagwe. Usichokoe kwa kijiti wala pini, utalisukuma ndani zaidi. Usitie maji, haragwe likilowa hufura. Mtoto mkubwa kidogo mwambie afunge mdomo, ziba tundu lisilo na kitu, apenge kwa nguvu. Kwa mtoto mdogo kuna njia ambayo kina mama huicheka mpaka waione ikifanya kazi: mama anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, anaziba kwa kidole tundu lisilo na kitu, anapuliza mara moja kwa haraka. Mara nyingi haragwe hutoka na makamasi, na kumwangukia mama shavuni. Lisipotoka, mlete kituoni. Ila kama kilichoingia puani, au kilichomezwa, ni kile kibetri kidogo cha mviringo cha saa au cha mchezo wa watoto, usisubiri hata kidogo. Kinaunguza nyama ya ndani kwa saa chache tu.

Kuungua kwa uji au maji ya moto: mvue nguo isipokuwa iliyogandamana na ngozi, kisha mwagia maji baridi safi mahali palipoungua kwa dakika 20. Ndiyo, dakika 20, na najua foleni ya maji ilivyo. Tumia kikombe, mwaga polepole. Mwili uliobaki ufunike asipate baridi. Usipake dawa ya meno, yai, matope wala siagi. Funika kidonda kwa kitambaa safi. Aliyeungua usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, au kidonda kikizidi kiganja chake mwenyewe, aje kituoni.

Kuanguka kitandani au mgongoni mwa dada yake: akilia mara moja, akanyonya, akarudi kucheza, mwangalie tu mchana na usiku huo. Mlete haraka akizimia hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akilegea, akilala usingizi usioamshika, au maji au damu zikitoka masikioni au puani. Aliye chini ya mwaka 1 akigonga kichwa, mlete hata akionekana mzima.

Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, wala usimpe maziwa. Yanapopanda tena huingia kwenye mapafu. Mlete na chupa yenyewe, hata kama anacheka. Na tafadhali, mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ile ni ya kitu kitamu.

Mwisho, kukojoa kitandani, ambako wengi mnatuuliza kwa sauti ya chini. Watoto wengi wa miaka 5 bado wanakojoa usiku, na si uvivu. Kumwanika mtoto nje na blanketi lake ili wenzake wamcheke hakujamponya yeyote. Aliyekuwa ameacha kisha akaanza tena baada ya safari ya kukimbia, au baada ya msiba, anahitaji kusikilizwa. Akilia maumivu wakati wa kukojoa, au akiwa na kiu isiyoisha, mleteni apimwe. Kwa sasa tandikeni karatasi ya plastiki chini ya shuka, na mumwamshe akojoe kabla ninyi hamjalala.